Ulimi wa Jemadari Wakati wa Vita

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo, zikisomwa pamoja, huonekana kama zinagombana. Ya kwanza husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ya pili husema, "Mkubwa ni jalala." Ya kwanza humfundisha mdogo kutii. Ya pili humfundisha mkubwa kustahimili, kwa maana jalala hupokea kila kitupwacho, wala halichagui wala halinung'uniki. Watu wengi huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili, hasa wakishapata vyeo. Katika insha hii tumekusudia kuzipima methali hizo mahali ambapo mzigo wake ni mzito kuliko pote, yaani katika jeshi lililo vitani. Swali letu ni hili: je, ofisa wa jeshi akiona kwamba vita vinaongozwa vibaya, ana haki ya kusema hadharani? Na ikiwa anayo, haki hiyo yaishia wapi?

Raia wa kawaida akikosea katika kusema, aghalabu hasara yake ni aibu. Jemadari hayuko hivyo. Akisema, maneno yake yana bunduki nyuma yake. Wasikilizaji hawajui kama wanapewa shauri au wanatishwa. Akinyamaza nako, wako vijana watakaokufa kwa amri mbovu, na wako watu wasio na silaha watakaoteswa kwa jina la taifa lake. Sauti yake yaweza kuua, na kimya chake chaweza kuua vilevile.

Tuanze na hoja ya utii, kwa kuwa ni hoja ya haki. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Jeshi haliendeshwi kwa kura, na katika nchi ambayo wananchi ndio wenye kuchagua viongozi, mwenye silaha hana budi kuwa chini ya yule aliyechaguliwa. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Madai yao yalikuwa ya kweli: mishahara ilikuwa midogo, na maofisa wakuu walikuwa bado Waingereza. Lakini dai la kweli likishikwa kwa mtutu wa bunduki hugeuka kuwa jambo jingine. Serikali changa ililazimika kuomba askari wa Uingereza, dola ile ile iliyokuwa imeondoka miaka miwili tu iliyopita, waje kuzima maasi. Fedheha ile wazee wetu walitusimulia kwa sauti ya chini. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi.

Kwa hiyo hatuandiki kama watu wanaodharau amri. Hata hivyo, utii una jirani yake anayefanana naye sana, naye ni woga. Ili tuweze kuwatenganisha, yafaa tutazame vita vimoja ambavyo ndani yake maofisa wa jeshi moja walisema hadharani, kila mmoja kwa namna yake, na kila namna ikazaa matunda yake. Vita hivyo ni vya Aljeria.

Tarehe 1 Novemba 1954 Waaljeria, wakiongozwa na FLN, walishika silaha kuudai uhuru wao kutoka kwa Ufaransa. Mwezi wa Januari 1957 serikali ya Ufaransa ilimkabidhi Jenerali Jacques Massu, pamoja na askari wake wa miavuli, mamlaka ya polisi katika mji wa Algiers. Watu walikamatwa usiku majumbani mwao, wakateswa ili waseme wanayoyajua, na wengi hawakuonekana tena. Wakubwa wa kiraia walijua. Walitaka matokeo, nao hawakuuliza yanapatikana vipi.

Katika milima iliyo karibu na Algiers alikuwako jenerali mwingine, Jacques Pâris de Bollardière. Huyu hakuwa mtu wa kuogopa vita. Mwaka 1940 alipigana Narvik, kisha akaungana na de Gaulle wakati Wafaransa wengi walikuwa wamekata tamaa. Mwaka 1944 aliteremshwa kwa mwavuli katika misitu ya Ardennes kuwasaidia wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani. Alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo wanayotendewa mateka na jeshi lililoacha sheria. Alipotakiwa kuwahoji watu kwa njia ile iliyokuwa ikitumika Algiers, alimwendea Massu na kumwambia uso kwa uso kwamba hatafanya. Kisha akaomba aondolewe katika uongozi wa askari. Baada ya hapo tu, mwishoni mwa mwezi wa Machi 1957, barua yake ilichapishwa katika gazeti la L'Express, akionya kwamba jeshi likitafuta ushindi wa haraka kwa njia hizo litapoteza maadili yaliyoipa nchi yake heshima. Alihukumiwa kifungo cha siku 60 ngomeni. Alikwenda akafungwa. Hakukusanya kikosi, hakumwita askari yeyote amfuate.

Sasa tumtazame Massu mwenyewe. Januari 1960, akiwa bado anaongoza jeshi la Algiers, alizungumza na gazeti la Kijerumani, Süddeutsche Zeitung. Maneno yaliyochapishwa, ingawa alijaribu kuyakana, yalisema kwamba jeshi haliielewi tena siasa ya Rais de Gaulle, na yalidokeza kwamba jeshi laweza kutumia nguvu zake hali ikilazimu. De Gaulle alimwita Paris na hakumruhusu kurudi. Walowezi wa Algiers, waliomwona Massu kuwa mlinzi wao, wakaweka vizuizi barabarani. Tarehe 24 Januari risasi zikalia, na watu wapatao 20 wakauawa. Neno moja la jemadari aliyekalia kiti cha amri lilitosha.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Aprili 1961, majenerali wanne, Challe, Salan, Jouhaud na Zeller, walioamini kwamba de Gaulle anaisaliti Aljeria ya Kifaransa, waliuteka mji wa Algiers. Maofisa hao walikuwa wamekwisha kuvua magwanda. Challe alikuwa ameomba kustaafu mapema mwaka huo huo. Angalikaa akaandika, akapinga, akazunguka nchi nzima kuwashawishi wananchi, sisi tusingekubaliana na shauri lake, lakini tusingekuwa na neno la kumlaumu. Badala yake alirudi kwenye bunduki alizokuwa ameziaga. Jioni ya tarehe 23 de Gaulle alisema na taifa, na askari vijana waliokuwa wakitumikia kwa mujibu wa sheria wakamsikiliza makambini kwa redio ndogo za transista. Wengi wakakataa kuwafuata majenerali. Baada ya siku chache uasi ukafa. Bollardière, alipoona majenerali wenzake wamefikia hapo, aliacha jeshi.

Ndugu msomaji huenda akasema: mnamsifu Bollardière kwa sababu mnaipenda hoja yake, na mnamlaumu Massu kwa sababu mnaichukia yake. Pingamizi hili ni zito, nasi tumelipima. Tuseme Bollardière angalibaki na askari wake milimani, akatangaza kwamba hatawarudisha mpaka serikali imsikilize. Hoja yake ingekuwa ile ile njema, lakini tungemhesabu pamoja na wale wanne. Kipimo chetu basi kiko katika mambo matatu. Kwanza, je, msemaji amesema ndani kabla ya kusema nje? Pili, je, amekiacha kiti cha amri kabla ya kufungua kinywa mbele ya watu, ili maneno yake yasimame kwa uzito wa ukweli wake tu? Tatu, je, yuko tayari kulipa yeye mwenyewe, au analipisha wengine? Jemadari aliyetimiza hayo matatu hakuipindua meli. Ameshuka, akasimama gatini, akapiga kelele kwamba meli inavuja.

Wako pia wasemao kwamba maneno ya namna hiyo humpa nguvu adui. Sisi twajibu kwa methali nyingine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilichowapa Waaljeria wengi sababu ya kupigana hakikuwa barua ya gazetini ya jenerali mmoja. Kilikuwa ni mtoto asiyerudi nyumbani. Aliyelitaja jeraha hakulisababisha.

Pamoja na Bollardière twapenda kumkumbuka mtu mwingine, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi. Paul Teitgen alikuwa katibu mkuu wa polisi wa Algiers. Kazi yake ilikuwa ya kalamu: kutia sahihi hati za kuwaweka watu kizuizini. Yeye mwenyewe aliwahi kuteswa na Gestapo na kupelekwa katika kambi ya Dachau, hivyo alipowaona wafungwa alizitambua alama zilizokuwa katika miili yao. Mwezi wa Machi 1957 aliandika barua ya kujiuzulu. Akaombwa abaki, akabaki, akaendelea kuhesabu. Aliwahesabu waliokamatwa kwa sahihi yake na waliobaki, na hesabu yake ya waliotoweka ilizidi watu 3,000. Mwezi wa Septemba aliondoka.

Tunamtaja kwa sababu tunajua uzito wa kalamu. Miaka mingi iliyopita, tukiwa karani kijana katika ofisi moja ya mkoani, tuliandaa taarifa juu ya akiba ya mahindi. Tulikwenda ghalani, tukaona nusu yake imeliwa na wadudu. Mkuu wetu alisoma rasimu, akaikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hali inaridhisha." Tukaichapa upya hivyo hivyo, tukaipeleka masjala, tukarudi mezani kunywa chai. Wakati wa njaa ulipofika, wanavijiji walioambiwa waje na magunia walirudi nayo matupu. Hakufa mtu tunayemjua, nasi tumejifariji kwa hilo mara nyingi. Lakini hatukuwa tumetii, tulikuwa tumeogopa. Hatukwenda mlango wa pili, hatukuandika dokezo katika faili, hatukusema hata neno moja. Basi tukimhukumu jemadari aliyenyamaza, twajua tunamhukumu nani.

Hapa ndipo ile methali ya pili inapodai haki yake. Mara nyingi jemadari husema nje kwa sababu ndani pamefungwa. Tazama Marekani. Tarehe 25 Februari 2003, kabla ya vita vya Irak, Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliulizwa na kamati ya Seneti ni askari wangapi watakaohitajika baada ya ushindi. Alijibu kwamba ni laki kadhaa. Hakukimbilia magazetini; aliulizwa na baraza lenye haki ya kuuliza, akajibu. Siku mbili baadaye Naibu Waziri wa Ulinzi, Paul Wolfowitz, aliikataa hesabu hiyo mbele ya watu wote. Kila ofisa aliyekuwa akisikiliza alijifunza somo lake. Vita vikaenda vibaya, askari wakawa hawatoshi kulinda hata maghala ya silaha, na mwaka 2006 majenerali kadhaa waliokwisha kustaafu wakajitokeza kumtaka Waziri Donald Rumsfeld ajiuzulu. Mwezi wa Novemba mwaka huo alijiuzulu. Wale wazee walitimiza sharti la kuacha kiti. Lakini mama aliyemzika mwanawe mwaka 2004 ana haki ya kuwauliza: mlipokuwa na magwanda, mlisema nini, na nani alikataa kuwasikia?

Swali hilo lina makali pande mbili. Linamchoma aliyenyamaza, na linamchoma mkubwa aliyeifanya kweli kuwa kosa. Serikali itakayo majemadari watii haina budi kuwajengea chumba ambamo neno chungu lasemwa bila mtu kupoteza cheo chake. Mjumbe hauawi. Kiongozi anayewafukuza washauri wakweli hubaki na wanaomsifu, na wanaomsifu hawamwambii kwamba daraja limevunjika mpaka askari wamekwisha kuzama. Mkubwa asiyekubali kuwa jalala, taka zake hutupwa barabarani, na huko kila mpita njia huziona.

Bollardière alifariki mwaka 1986. Miaka 14 baadaye, mwaka 2000, Massu, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, alihojiwa na gazeti la Le Monde. Alisema kwamba mateso hayakuwa ya lazima katika vita, na kwamba mambo yangaliweza kufanywa kwa namna nyingine. Hayo ndiyo aliyoambiwa uso kwa uso mwaka 1957 na mwenzake, katika chumba cha ndani, bila gazeti, bila kelele, kabla maelfu hawajatoweka. Angaliyapokea siku ile, barua isingeandikwa.