Hofu ya Baba Isiwe Ukuta



Mimi nilikuwa baba wa “utaanguka” na “utapotea”. Mwaka jana tulipokwenda kuhiji Subukia, niliwaamuru watoto wakae chini kivulini huku wenzao wakipanda mlima kwenda kwenye chemchemi. Mke wangu akaniambia polepole, “Baba watoto, tumewaleta kwa Mama Maria, na bado huwezi kumwachia hata mlima huu?” Nikanyamaza. Tukapanda. Kitinda mimba aliteleza, akachubuka goti, akacheka, akaendelea. Aliyebaki nyuma akihema ni mimi.

Yosefu na Maria walimpeleka Yesu Yerusalemu akiwa na miaka 12. Luka, sura ya 2, anatueleza jinsi walivyomtafuta siku tatu kwa uchungu. Lakini hatusomi kwamba baadaye walimfungia Nazareti. Tunasoma kwamba aliwatii, akazidi kukua.

Tahadhari ni wajibu wa mzazi. Hofu ikitawala nyumba, mara nyingi mwenzako ndiye huiona kwanza. Msikilize.

Leo jioni ulizaneni: tunawakataza watoto wetu nini kwa sababu ya hatari ya kweli, na nini kwa woga wetu tu? Kisha salini pamoja.