Duka Linakesha, Mtoto Anamsubiri Nani?

Tangu soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam liruhusiwe mwaka 2025 kufanya biashara saa 24, wako wazazi walioipokea ruhusa ile kama amri ya kutorudi nyumbani. Simlaumu mwenye soko. Namlaumu baba anayetoka watoto wamelala na kurudi wamelala, anayekumbuka kwa kichwa kila mdaiwa wake na kiasi anachodaiwa, lakini ukimuuliza mwanawe amefika sura gani katika Juzuu Amma, anamtazama mkewe amjibie. Katika Sura Twaha, aya ya 132, Mwenyezi Mungu anamwamuru Mtume (s.a.w.) awahimize watu wake kuswali na yeye mwenyewe adumu katika swala, kisha papo hapo anamwambia kuwa hatakiwi kutoa riziki, bali Yeye ndiye anayemruzuku. Kisingizio chetu kimejibiwa kabla hatujakitamka. Na hadithi ya Abu Daud, ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba, wengi wetu tunaikumbukia ile adhabu ya wanapofika miaka kumi tu. Piga hesabu: miaka mitatu, swala tano kila siku, ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa upole, kumtilia maji ya udhu, kumsogeza kwenye safu. Nani anazitimiza? Baba anashtuka kijana ana miaka 15 na msikitini haonekani, ndipo anaanza na ukali ambao haukutanguliwa na lolote.

Atasema: nahangaika kwa ajili yao, na kutafuta halali ni ibada. Kweli kabisa. Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kuwa hata tonge analomtilia mkewe kinywani lina ujira. Lakini litazameni tonge hilo: mwenye kulitoa yuko karibu kiasi cha mkono wake kufika kinywani mwa mkewe, hakulituma kwa simu. Wala simsemi mchukuzi au mama ntilie ambaye asipokesha, watoto hawali. Huyo Mola anaijua dhiki yake. Namsema aliyeshiba, anayefungua duka la tatu na kusema bado hajajipata. Mwingine atasema amempeleka mtoto madrasa na ada analipa. Vyema, lakini ustadhi humfundisha mtoto namna ya kuswali. Kwamba swala ni jambo la kuachia kazi, hilo mtoto hulisoma kwa mzazi, akimwona anaacha kazi. Luqman alimuusia mwanawe yeye mwenyewe, kuanzia tauhidi hadi namna ya kutembea na kushusha sauti. Na Sura Jumua haikuichukia biashara: imeamuru iachwe adhana ya Ijumaa inapoita, kisha watu watawanyike wakaitafute fadhila ya Mola wao. Basi anayeweza kufunga Ijumaa mchana anaweza kufunga mapema hata jioni tatu kwa wiki, akaswali Magharibi na watoto wake, akakaa nao mpaka Isha akiwasikiliza wanavyosoma. Akisema mteja wa usiku atampotea, huenda ikawa kweli. Na ndiyo sababu aya ile ya Twaha haikuishia kwenye swala, ikaitaja na riziki.