Jumanne: Kubaki Ukutani

Soma Nehemia 6:1–9. Nehemia aliitwa mara ngapi, naye alijibuje kila mara?

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umeinuka bila pengo. Ilibaki kusimamisha milango malangoni. Ndipo Sanbalati na Geshemu walipomwalika Nehemia kukutana nao katika tambarare ya Ono, mbali na mji. Walikusudia kumdhuru. Lakini hata kama wasingemgusa, safari yenyewe ingesimamisha kazi. Wajumbe walikuja mara nne, na jibu lilikuwa lile lile. Nehemia hakuhitaji kufikiri upya kila walipofika, kwa maana alikuwa amekwisha kuamua. Ukuta ulimalizika kwa siku 52 (Neh. 6:15).

Leo wajumbe huja mfukoni. Fikiria mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Mpuguso, wilayani Rungwe, ameketi usiku kuandika andalio la somo kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Simu inaita: ni kundi la michango ya harusi, kisha matokeo ya mpira, kisha video kutoka kwa rafiki. Kila ujumbe unaomba dakika moja tu. Usiku unakwisha, na asubuhi watoto wanampata mwalimu ambaye hakujiandaa. Kuchangia harusi si dhambi. Hasara ni kwamba jambo jema limekalia nafasi ya kazi aliyokabidhiwa na Mungu.

Wakulima wa chai wa Rungwe wanalifahamu jambo hili. Mmea wa chai usipopogolewa hurefuka kuwa mti, na mchumaji hafikii tena majani machanga. Kwa hiyo, kila baada ya miaka kadhaa, mkulima hukata hata matawi mabichi, akikubali kukosa mavuno kwa muda ili shina lichipue upya.

Soma Yohana 15:1–5. Ni tawi gani linalosafishwa, na kwa kusudi gani?

Hata hivyo, kuondoa peke yake hakutoshi. Nyumba iliyofagiwa katika Luka 11:24–26 iliangamia kwa sababu ilibaki bila mwenyeji. Simu iliyozimwa haimleti mtu karibu na Mungu. Akili iliyotulia yaweza kujaa hofu au majivuno. Nehemia alipotishwa, aliomba Mungu aitie nguvu mikono yake. Vivyo hivyo, siku ya maandalio tunamaliza kupika, kufua na kujibu ujumbe, si ili Sabato iwe tupu, bali ili Kristo apate nafasi ya kukaa nasi.

Yesu, akiwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, alisimama kwa ajili ya mwanamke mgonjwa (Marko 5:22–34). Tutapambanuaje kati ya usumbufu na mwito wa kuhudumia? Ni tawi gani bichi unalopaswa kumruhusu Bwana alikate juma hili?