Jembe la Shuleni: Je, ni Somo au ni Adhabu?

Katika mambo yote yafanywayo shuleni kutwa, wazazi wengi huona kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo shule yenyewe. Mengine huyahesabu kuwa ya pembeni tu: kufagia uwanja, kuchota maji, kudeki darasa, kumwagilia miche, kupalilia shamba. Lakini mtoto haigawi siku yake namna hiyo. Yeye hujifunza tangu kengele ya asubuhi hata saa ya kutawanyika, na pengine jambo alilojifunza akiwa na ufagio mkononi humkaa moyoni kuliko lile lililoandikwa ubaoni. Basi nataka tufikiri pamoja, ndugu wasomaji, juu ya swali moja: Mtoto apewapo jembe shuleni, hufundishwa nini?

Tutazame siku moja katika shule ya msingi ya kijijini katika nchi ya Tanzania. Jua halijapanda, na watoto wamekwisha kufika, huyu na fagio la chelewa, yule na kidumu cha maji. Kila kundi lina sehemu yake: hawa mbele ya bendera, hawa madarasani, hawa vyooni, hawa bustanini. Kiranja wa usafi apita akikagua. Kisha kengele yagongwa, nayo pengine ni kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Watoto wasimama mstarini, wakaguliwa kucha na mavazi, waimba Wimbo wa Taifa, ndipo waingia darasani. Mpaka hapo kazi ni njema kabisa. Ni ya wote, ina wakati wake, na matunda yake yaonekana: uwanja ni safi, na miche imekunywa maji.

Lakini tazama yafuatayo. Waliochelewa hawakuingia darasani pamoja na wenzao. Wametengwa kando na kupewa majembe wakalime nyuma ya vyoo. Baadaye kidogo, waliopiga kelele, ambao kiranja ameandika majina yao, wapelekwa kupalilia mahindi. Na mchana, aliyekosa hesabu saba katika kumi atumwa kuchota ndoo tatu za maji. Sisemi kwamba ni hivyo katika shule zote, wala sisemi kwamba walimu wafanyao hivyo ni watu wabaya. Wana watoto wengi, wana nafasi ndogo, na shamba la shule lataka kulimwa. Wao huona wameua ndege wawili kwa jiwe moja: mkosaji ameonywa, na kazi imefanyika.

Walakini tujiulize, mtoto ameona nini? Asubuhi mwalimu alimfundisha kwa kinywa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na kwamba mkulima ni mtu wa kuheshimiwa. Saa moja haijapita, akaona kwa macho yake kwamba aliyewahi na mwenye akili yuko kivulini na kitabu, bali mkosaji yuko juani na jembe. Basi amepewa mafundisho mawili. La kinywa lasema jembe ni heshima. La tendo lasema jembe ni malipo ya kosa. Atasadiki lipi? Kila aliyelea mtoto ajua jibu. Mtoto husadiki tendo.

Wala jambo hili haliishii shuleni. Jioni mtoto huyu arudi nyumbani, naye amkuta baba yake akitoka shambani, jembe begani, na mama yake akipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani. Shuleni amekwisha kufundishwa kwamba hizo ndizo alama za mtu aliyehukumiwa. Je, wazazi wake atawaonaje? Hatasema neno, maana ana adabu. Lakini moyoni mwake swali limekwisha kupandwa: Baba yangu alikosa nini hata akapewa jembe maisha yake yote?

Watu wengi husikitika kwamba vijana waliosoma hudharau shamba na kukimbilia mjini. Husema, vitabu vimewaharibu. Najua ziko sababu nyingine: ardhi ni haba mahali pengi, na bei ya mazao humvunja mkulima moyo. Lakini vitabu tusivisingizie. Mtoto huyu hakusoma katika kitabu chake cho chote kwamba jembe ni aibu. Alilisoma neno hilo nyuma ya vyoo vya shule, jua kali, wenzake wakimchungulia dirishani na kucheka.

Swali hili si geni. Booker T. Washington alizaliwa mtumwa katika nchi ya Virginia, Marekani. Mwaka 1872 alisafiri maili kama 500, nyingine kwa miguu, ili aingie shule ya Hampton. Alifika mchafu na mwenye njaa, hata mwalimu aliyekuwa akiwapokea wanafunzi, bibi mmoja jina lake Mary Mackie, akasita kumpokea. Baada ya saa kadhaa alimwambia akafagie chumba kimoja cha masomo. Kijana alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne. Bibi alipopitisha kitambaa chake mbaoni asipate hata chembe ya vumbi, alimpokea. Ufagio ndio uliokuwa mtihani wake, nao ulimfungulia mlango wa elimu. Tena bibi huyo hakuishia kuamuru. Wakati mwingine, shule ilipokaribia kufunguliwa, alimwita Washington aje mapema kusaidia usafi, na kwa majuma mawili yeye mwenyewe alifanya kazi kando yake, akisafisha madirisha na kupangusa vyumba. Washington aliandika baadaye kwamba hakulisahau fundisho hilo kamwe.

Naye alilitumia. Mwaka 1881 alifanywa mkuu wa shule ya Tuskegee katika nchi ya Alabama. Alipotaka vijana wafyeke msitu ili wapate shamba, walinuna. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa walimu, wakaona kazi hiyo haiwafai watu wa cheo chao. Washington hakuwaadhibu. Kila alasiri, masomo yakiisha, alichukua shoka lake akatangulia msituni. Walipoona mkuu wao haogopi kazi wala haoni haya, nao wakafuata kwa moyo.

Mawazo ya shule hizo yalifika Afrika Mashariki mwaka 1924, kwa wajumbe wa Phelps-Stokes, ambao mmoja wao alikuwa James Aggrey, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Ghana. Walishauri shule za vijiji zifundishe kilimo, afya na kazi za mikono pamoja na kusoma. Lakini wazazi wengi hawakupendezwa. Waliuliza: Mbona watoto wa wenye kututawala wapewa vitabu, na wetu wapewa majembe? Wako waliowaona kuwa wakaidi. Mimi naona swali lao lilikuwa la haki. Jembe likipewa watu wa namna moja tu, lafanana na adhabu, hata likiitwa somo.

Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, lakini hakutaka wanafunzi walime kama vibarua. Alitaka washiriki katika kuamua mambo ya kazi yao, na waone wenyewe faida ya jasho lao. Hilo la pili ni rahisi kusahauliwa. Ni rahisi kuwapa watoto majembe. Ni vigumu kuketi nao chini ya mwembe na kuwauliza, Mahindi haya tuliyovuna tuyafanyeje?

Katika mambo hayo naona alama nne za kutambua kama kazi ya shuleni ni somo kweli. Ya kwanza, mwenye kuamuru naye ashike. Mwalimu akipalilia mstari mmoja tu pamoja na watoto, amefundisha kuliko hotuba kumi. Ya pili, matunda yajulikane yaendako. Mahindi yakiwa uji wa watoto, watajua wamelima kwa ajili yao. Yakitoweka gizani, au maji yakienda nyumbani kwa mtu mmoja, watajua wametumikishwa. Ya tatu, kazi iwe ya wote, isiwe maji ni ya wasichana tu, wala vyoo ni vya yule ambaye mzazi wake hana kitu. Na ya nne, ambayo ndiyo kichwa cha maneno yangu, kazi isiwe adhabu.

Mwalimu mwenzangu ataniuliza, Basi mkosaji nimfanyeje? Nampa jibu kwamba adhabu ifanane na kosa. Aliyechelewa abaki amalize yaliyompita. Aliyepiga kelele aketi peke yake. Aliyetupa taka na azizoe, maana hapo hakupewa kazi kuwa adhabu. Ametakiwa kutengeneza alichokiharibu, na hiyo ni haki. Tena, kabla ya kumwadhibu mchelewaji, tumwulize sababu. Mara nyingi utaona alichelewa kwa kuwa alianza alfajiri kumchotea mama yake maji. Mtoto huyo tukimtuma kuchota maji tena, tumemwadhibu kwa sababu ya kazi, na adhabu yenyewe ni kazi ile ile. Hapo atajifunza nini ila kwamba kazi haina shukrani?

Na msomaji wa Maandiko atasema, Je, Adamu hakupewa jasho kuwa adhabu? Na arudi nyuma sura moja. Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza, na wakati huo hakuwa amekosa neno lo lote. Laana ya sura ya tatu ilileta miiba na uchovu. Kulima kwenyewe kulikuwapo tangu siku za amani. Basi atumiaye jembe kuwa adhabu huichukua kazi ya bustanini na kuihesabu pamoja na miiba.

Mwisho nina neno kwa wazazi, ili mzigo wote usiwe wa walimu. Nani kati yetu hajapata kumwambia mtoto, Usiposoma utaishia kulima kama mimi? Twasema kwa mapenzi, maana twajua uchungu wa jembe na bei ndogo ya debe la mahindi. Lakini mtoto asikia kwamba baba yake ni mfano wa mtu aliyeshindwa, na shahidi ni baba mwenyewe. Wahenga walisema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi tumwambie namna nyingine: Soma, ili ukilima ulime kwa maarifa kuliko mimi, na ukiwa karani au mganga, ujue chakula chako kimetoka mkononi mwa nani.

Kesho asubuhi watoto watakwenda shuleni tena, huyu na ufagio, yule na kidumu. Vyombo hivyo havina neno la kusema vyenyewe. Watakalosema katika moyo wa mtoto latoka kwetu: kwa mwalimu awapaye watoto, na kwa mzazi atumiaye vya namna hiyo nyumbani mbele ya macho yao.