Muuguzi Aingie Shuleni Kabla ya Panga

Ndugu zangu wa Mkomani, hapa Mombasa, nanyi jirani zetu wa kanisa la Frere Town, watoto wetu hukaa dawati moja na neno hili ni letu sote.

Nabii Yusuf, ambaye kisa chake tulifundishwa chuoni tungali wadogo, hakutupwa kisimani na wanyang'anyi wa njiani. Alitupwa na ndugu zake, watoto wa Nabii Yaqub, waliolelewa katika nyumba ya ibada. Kabla ya kunyoosha mikono walikuwa wamekwisha kuugua nyoyo. Waliona baba yao anampenda yule mdogo kuliko wao, ikawauma. Na uchungu ule hawakumpelekea mtu wa kuwatuliza. Waliuzungumza wao kwa wao hata ukageuka njama. Wakamwomba baba awape Yusuf wakacheze naye. Usiku wakarudi wakilia, na kanzu imepakwa damu ya uongo.

Ewe mzazi, simama hapo kwanza. Waliomdhulumu Yusuf walitoka nyumba njema. Basi usiniambie mwanao hawezi kuonea wenzake kwa kuwa amehifadhi juzuu kadhaa, wala usiniambie haonewi kwa kuwa hajakulalamikia. Waliotenda ndio waliorudi wakilia, na aliyetendewa alikuwa kisimani, sauti yake haifiki nyumbani.

Visima vya namna hiyo tunavyo hapa hapa. Kijana wa gredi ya saba anachekwa kwa sare iliyochakaa, kwa kigugumizi, kwa kabila la mamake, kwa baba ambaye hajulikani aliko. Ananyang'anywa nauli na wakubwa wake nyuma ya vyoo. Binti amepatwa na hedhi darasani, doa limeonekana, na kabla hajafika nyumbani picha yake imezunguka simu zote za mtaa. Siku ya kwanza mtoto hulia. Siku ya pili hunyamaza. Siku ya tatu huanza kutafuta wa kumlinda, na wa kumlinda hakosekani: wako maskani wanamngoja, wana panga na wana jina la kutisha. Nani katika Kisauni hajasikia habari za genge la Wakali Kwanza? Si kila aliyeshika panga alionewa shuleni. Lakini mtoto aliyevunjwa moyo na hana wa kumsikiliza ni windo jepesi, na wenye panga wanalijua hilo kuliko sisi. Tumekwisha kuzika vijana. Tumekwisha kupanga foleni jela ya Shimo la Tewa kuwatazama wengine. Tunangoja nini?

Taifa zima limeonywa, na maonyo yana miaka yake. Mwaka 1999, katika shule ya Nyeri High, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Mwaka 2001, Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini kwa moto uliowashwa na wanafunzi. Mwaka 2017, Moi Girls Nairobi, wasichana 10 walikufa, na aliyetiwa hatiani kwa moto ule alikuwa mwanafunzi wa miaka 14 siku ulipowaka. Mwaka huohuo Alliance, shule tunayoitaja kwa fahari, ilichunguzwa kwa mateso waliyokuwa wakitendewa wanafunzi wageni, na mwalimu mkuu akastaafu kabla ya wakati. Hasira ya kijana ni moto wa makumbi: juu waona majivu, chini kaa linakula polepole, na upepo ukivuma ndipo mtu hujua kuwa haukuzimika.

Tuseme ukweli kuhusu namna tulivyojaribu kuuzima. Tulitumia kiboko. Serikali ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza mateso ya mwili na ya nafsi kwa mwanafunzi yeyote, lakini wengi wetu bado tunamwambia mwalimu, "Mchape, nimekupa ruhusa." Tunamfunza nini mtoto? Tunamfunza kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu, kisha tunashangaa akitoka nje ya geti na kumpiga aliye mdogo kwake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kwamba shujaa ni yule anayeimiliki nafsi yake ghadhabu inapompanda, wala si bingwa wa mieleka. Akatupa na dawa: aliyesimama akae, isipomtoka alale, anyamaze, atie udhu. Alijua kuwa ghadhabu huukamata mwili kabla ya ulimi. Na wataalamu wa leo wanatueleza jinsi inavyoukamata: moyo hukimbia, pumzi hukatika, misuli hukaza. Kwa kijana hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ile sehemu ya ubongo inayoshtuka na kuwaka huwa imekwisha kupata nguvu, na sehemu ya mbele, inayopima na kuzuia, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Mwongezee njaa ya mchana, usingizi wa saa chache na simu isiyolala, halafu umwambie tu "tulia". Atatulia kwa lipi, ikiwa hakuna aliyemfunza?

Wa kumfunza ni muuguzi wa shule. Nawasihi mnisikilize sana hapa. Mwalimu wa ushauri nasaha tunamheshimu, lakini ana vipindi vya kusomesha, na mtoto akionekana mlangoni pake wenzake humcheka kuwa ana matatizo. Mlango wa muuguzi hauna aibu. Kila mtu huumwa na kichwa. Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi kuwa anaonewa: husema tumbo linamkata, na linamkata kweli, Jumatatu asubuhi, siku ya michezo, saa ya mapumziko. Muuguzi hana kiboko, hatoi alama, hamfukuzi mtu shule. Yeye ndiye anayekunja mkono wa shati na kuona alama ya vidole. Yeye ndiye anayefungua daftari na kugundua kwamba mtoto huyu amekuja mara nne mwezi huu, na kila mara baada ya kipindi kilekile.

Na kazi yake haiishi kwa dawa ya maumivu. Humkalisha mtoto, humpa maji, humfundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi mpaka moyo urudi mahali pake. Humsaidia kuitaja hali yake: je, hii ni hasira, au ni aibu, au ni hofu iliyovaa nguo ya hasira? Aliyeweza kusema "nimefedheheka" hana haja kubwa ya kusema kwa ngumi. Kisha humwita yule aliyeonea, peke yake, bila ya kumtia fedheha, amuulize naye anaumwa wapi. Maana ndugu zake Yusuf nao walikuwa wagonjwa! Asiyemtibu mwonevu anamtafutia mwonewa mwengine. Jambo likiwa zito, muuguzi huwaita wazazi, humwandikia kijana barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, na palipo na hatari hafichi siri, huwaita wenye mamlaka ya kumlinda mtoto.

Kwa nini basi hatuna? Shule za bweni zina chumba cha wagonjwa. Vijana wetu ni wa kutwa, na tangu Januari 2023 gredi ya saba, kisha ya nane na ya tisa, zimebaki katika shule za msingi, maana yake wenye miaka 12 hadi 15, umri wa mapambano yenyewe, wako katika shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto wadogo. Tena Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya afya na kuiachia serikali kuu shule za msingi na za sekondari. Muuguzi ameajiriwa na upande mmoja, shule iko upande wa pili, na mtoto ameanguka katikati. Mwaka 2009 taifa lilitangaza sera ya afya shuleni. Karatasi tunayo. Mtu wa kukaa kwenye kiti ndiye tunayemkosa.

Wala usiseme, "Madaktari wa akili hawatoshi, tutafanya nini?" Kule Harare, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaa kukaa kwenye benchi na kusikiliza walioelemewa, na watu wakapata nafuu. Hapa Kenya, utafiti wa Tom Osborn na wenzake uliochapishwa mwaka 2021 uliwachukua wanafunzi 413 wa sekondari. Vijana waliomaliza shule juzijuzi walikaa nao kwa makundi katika muda wa mwezi mmoja, na dalili za huzuni na wasiwasi zikapungua. Ikiwa mabibi na vijana waliofunzwa wameweza, muuguzi aliyesomea atashindwaje?

Na nyinyi watu wa Mkomani hamna udhuru kabisa. Mtaa huu ndio uliojichangia ukaanzisha Mkomani Harambee Clinic, na kliniki hiyo ndiyo iliyozaa Hospitali ya Bomu kule Changamwe. Wazee wetu hawakungoja waletewe. Walitoa walichokuwa nacho, wagonjwa wakatibiwa. Sisi tumeshindwa na chumba kimoja?

Enyi wakuu wa kaunti, wapangieni wauguzi wa zahanati zetu zamu ya shule, japo siku mbili kwa juma kwa kuanzia. Enyi wanakamati wa NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la Nyali, jengeni chumba chenye dirisha, pazia, maji na mlango unaofungika. Enyi wauguzi mliostaafu, mnaokaa barazani jioni, elimu yenu ni amana na mtaulizwa: nendeni mkajitolee. Enyi maimamu na wachungaji, uonevu uwe na nafasi katika hotuba zenu, kama zinavyopata nafasi zinaa na ulevi. Enyi akina mama wa soko la Kongowea, mnaoondoka alfajiri na kurudi usiku, dakika zile chache za chakula muulizeni mtoto, "Leo nani alikuumiza, na wewe ulimuumiza nani?" Maswali yote mawili. Enyi akina baba, mkumbatieni kijana aliyelia, msimwambie kuwa mwanamume halii: Nabii Yaqub alilia kwa ajili ya mwanawe hata macho yake yakawa meupe.

Nawe kijana unayesoma, shuka moyoni mwako utazame. Ukionewa, sema: namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Ukiwa unaonea, njoo nawe utibiwe. Yusuf alipata ufalme, ndugu zake wakasimama mbele yake wakiwa na njaa, naye akawasamehe. Mlango huo wa kurudi uko wazi kwako leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkutano wa wazazi ujao, pasitoke mtu mpaka swali hili lijibiwe na liandikwe kwenye kumbukumbu: muuguzi wa shule hii ni nani, na anaanza lini?

Ewe Mola, zilainishe nyoyo za watoto wetu, uwatoe waliotupwa visimani, uwaponye waliowatupa, na utupe sisi watu wazima miguu ya kwenda shuleni kabla hatujaitwa makaburini. Amin.