Kufuli la Pili

Mwezi uliopita jirani yangu, tumwite Mama Baraka, alinigongea mlango jioni. Intaneti inakwama na mtoto ana kazi ya shule ya kutuma. Kwenye ploti yetu mimi ndiye "yule kijana wa kompyuta", ingawa ninachojua ni kidogo tu. Nikaketi sebuleni kwake, nikaunganisha simu yangu, nikaandika 192.168.1.1. Ruta ikauliza jina na nenosiri. Nikajaribu admin, kisha admin tena. Ikafunguka.

Mle ndani niliona orodha ya kila kifaa cha nyumba ile: simu yake, simu ya mzee, televisheni. Simu ikitoka kwenye orodha, huenda mwenyewe ametoka nyumbani. Ningechungulia wiki moja tu, ningejua nyumba hubaki tupu saa ngapi.

"Mama Baraka, hujawahi kubadilisha paswadi ya ruta?"

"Si ndiyo hiyo nimekupa?"

"Hiyo ni ya waifai. Kuna ya ruta yenyewe."

"Kwani ziko mbili?" Akacheka. "Wacha tu. Mimi sina kitu cha kuibiwa huko."

Jibu hilo lilininyima usingizi, maana lina haki ndani yake. Mtu akiamua kulala mlango wazi, si ni shauri yake? Mimi ni nani nimsumbue?

Ingekuwa hivyo kama hatari ingeishia kwake. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwa kamera, ruta na vifaa vingine vya nyumbani. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilibeba jozi 60 hivi za majina na manenosiri ya kiwandani, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Vifaa vilivyofunguka vikawa jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la aina hiyo liliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyosaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wengi wa wenye vifaa hivyo hawakujua lolote.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa ruta una ajabu yake: ukuta unaoanguka unaweza kuwa wa mtu usiyemjua, na wewe usisikie hata kishindo.

Je, Mama Baraka ana hatia? Nasema hapana. Fundi alikuja, akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaenda zake bila kumwambia kuna kufuli la pili. Fikiria landilodi anayefunga milango yote kwa ufunguo mmoja, kisha mwizi akiingia anamlaumu mpangaji. Uingereza wameliona hilo: tangu Aprili 2024 sheria yao inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nenosiri la kiwandani linalofanana kwa vyote. Mzigo wameurudisha kwa mwenye kutengeneza kufuli.

Lakini kulaumu kiwanda hakufungi mlango leo. Na kama asiyejua anasamehewa, anayejua je? Usiku ule nilirudi kwangu, nikaandika anwani ileile. Admin. Admin. Ikafunguka. Fundi alikuwa yuleyule. Habari za Mirai nimezijua miaka, nimewahi hata kuwasimulia marafiki kama hadithi tamu, na muda huo wote mlango wangu uko wazi. Mama Baraka hakujua. Mimi nilijua, nikaona ni kazi.

Naamini deni letu kwa watu tusiowajua hupimwa kwa kile tunachojua, wala si kwa kile tunachoweza kuibiwa.

Kesho yake nikamweleza Mama Baraka. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Na wewe siku ile, uliangalia nini huko ndani?" Nikamwambia ukweli. Akaniagiza nimwonyeshe mahali pa kuandika, halafu nigeuke. Nikageukia ukuta mpaka akasema tayari.

Ploti yetu ina nyumba 16, na fundi alikuwa mmoja. Zimebaki 14.