Nani Amsemee Mungu Darasani?

Januari 18, 2005, wanafunzi wa darasa la tisa waliokuwa kwenye kipindi cha biolojia katika shule ya sekondari ya Dover, jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliona mwalimu wao akitoka na msimamizi kutoka ofisi za juu akiingia na karatasi mkononi. Karatasi ilikuwa na aya nne. Iliwaambia kwamba nadharia ya Darwin si jambo lililokwisha kuthibitika, kwamba ina mapengo, na kwamba yako maelezo mengine yanayosema uhai ni kazi ya msanifu mwenye akili. Atakayetaka kujua zaidi, kipo kitabu kiitwacho Of Pandas and People, akajisomee. Msimamizi alipomaliza kusoma, hakuna aliyeruhusiwa kuuliza wala kujadili. Ndivyo ilivyoamriwa.

Somo la sayansi lilifunguliwa kwa maneno yasiyoulizwa swali. Kwa nini ilifikia hapo?

Wilaya ya shule ya Dover ni mali ya watu wengi. Inahudumia Dover yenyewe, ambayo ni mji mdogo, pamoja na vitongoji viwili vya mashamba na makazi mapya, Dover Township na Washington Township. Wakati huo ilikuwa na wanafunzi wapatao 3,700. Mwenye nyumba au shamba huilipia shule hiyo kwa kodi, awe na mtoto au asiwe naye, awe wa kanisa hili, la pili, au asiwe na kanisa kabisa. Wapiga kura huchagua bodi ya watu 9, majirani wa kawaida wasiolipwa mshahara, na hao ndio hupitisha bajeti, huajiri na huamua vitabu.

Katika chombo kama hicho, cha watu wengi wenye imani tofauti, swali la zamani sana linapata makali mapya. Wenye kura nyingi wana haki ya kumsemea Mungu mbele ya watoto wa wote? Kilichotokea Dover kinatoa jibu ambalo waumini hasa wanapaswa kulitafakari. Hawana haki hiyo, na wakiitwaa, inayoumia kwanza ni dini yenyewe.

Mgogoro haukuzuka siku moja. Mwaka 2002 mchoro mkubwa wa mwanafunzi, ulioonyesha hatua za mageuko ya binadamu, ulitolewa katika darasa la sayansi ukachomwa moto. Juni 2004 bodi ilipotakiwa kuidhinisha kitabu kipya cha kiada cha biolojia, baadhi ya wajumbe walilalamika hadharani kwamba kimejaa mafundisho ya Darwin, na wakataka uumbaji nao upewe nafasi. Oktoba 18 mwaka huohuo bodi ilipiga kura, sita dhidi ya watatu, kwamba wanafunzi wajulishwe mapengo ya Darwin na hoja ya msanifu. Wajumbe wawili waliopinga, mume na mke, walijiuzulu papo hapo kikaoni.

Walimu wa sayansi nao walikuwa na lao. Wilaya ilipowaagiza wasome zile aya nne, waliandika barua ya kukataa. Hawakutaja siasa wala haki za wafanyakazi. Walitaja kanuni za maadili ya ualimu za Pennsylvania, zinazomkataza mwalimu kupotosha somo lake huku akijua. Kuisoma taarifa ile kungekuwa kuwaambia watoto kwamba hoja ya msanifu ni sayansi, ilhali wao walijua si sayansi. Kukataa kutamka usichokiamini mbele ya mtoto anayekutegemea ni tendo la dhamiri, na dini zote kubwa zinalijua tendo hilo kwa jina la uaminifu.

Wazazi 11 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho Desemba 14, 2004. Kesi ikachukua jina la Tammy Kitzmiller, mmoja wao. Aliyedhani hawa ni wapinga dini alikosea, kwani miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakifundisha watoto Biblia kanisani. Shahidi wao wa kwanza, Kenneth Miller wa Chuo Kikuu cha Brown, mwandishi mwenza wa kitabu kile cha kiada, ni Mkatoliki. Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alikuwa Mlutheri na mwanachama wa Republican. Ugomvi wa Dover, kwa sehemu kubwa, ulikuwa kati ya waumini na waumini.

Kesi ilisikilizwa mjini Harrisburg kuanzia Septemba 26 hadi Novemba 4, 2005. Mwanateolojia Mkatoliki John Haught alieleza tatizo kwa mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kubandika birika jikoni anauelewa. Maji yanachemka kwa sababu chembe zake zinahangaika kwa joto. Yanachemka pia kwa sababu mtu amewasha moto. Na yanachemka kwa sababu mwenye nyumba anataka chai. Majibu yote matatu ni ya kweli, na hakuna linaloliondoa jingine. Anayetafuta hamu ya chai kati ya chembe za maji hataiona. Si kwamba haipo. Anaitafuta pasipo pake.

Hapo ndipo hoja ya msanifu inapokwama kama sayansi, na kama dini pia. Inamchukua Muumba na kumweka kwenye mapengo ya maarifa: pale mwanabiolojia asipojua, hapo ndipo Mungu alipofanya kazi. Pengo likizibwa kesho na utafiti mpya, Mungu huyo anafukuzwa tena. Mwislamu anayeamini kwamba hata jani halianguki bila Mwenyezi Mungu kulijua, au Mkristo anayeamini kwamba vyote vilifanyika kwa Neno, hamhitaji Mungu wa mapengo. Kwake yeye, kinachoeleweka na kisichoeleweka vyote vina mwenyewe.

Upande wa bodi ulikuwa na mtaalamu wake, mwanabiokemia Michael Behe wa Chuo Kikuu cha Lehigh. Alipohojiwa alikiri kwamba tafsiri yake pana ya nadharia ya kisayansi ingeiruhusu hata elimu ya nyota ya watabiri. Kisha ukaja ushahidi wa rasimu za Of Pandas and People. Mwanafalsafa Barbara Forrest alionyesha kwamba rasimu za awali zilizungumzia uumbaji waziwazi. Baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 1987, katika kesi ya Edwards dhidi ya Aguillard, kwamba sayansi ya uumbaji ni dini na haiwezi kulazimishwa shuleni, maneno ya uumbaji yalifutwa takriban mara 150 na mahali pake pakawekwa usanifu. Hoja zilibaki zilezile.

Fedha nazo zilifichwa. Nakala 60 za kitabu hicho ziliifikia shule kama zawadi isiyo na jina. Mahakamani ikabainika kwamba mjumbe mmoja wa bodi alichangisha kanisani kwake, akaandika hundi ya dola 850, na hundi ikapitia kwa baba wa aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Jaji mwenyewe aliingilia kati kumhoji mwenyekiti huyo kwa nini hakulisema hilo alipoulizwa mapema, chini ya kiapo.

Katika hukumu ya kurasa 139, iliyotolewa Desemba 20, 2005, Jaji Jones alisema hoja ya msanifu huenda ikawa ya kweli, mahakama haina kauli juu ya hilo, ila si sayansi, na kuiingiza darasani kwa amri ya umma kunavunja Katiba. Aliandika pia kwamba baadhi ya watu waliojinadi hadharani kwa imani yao walisema uongo mara kwa mara ili kuficha lengo lao. Muumini akisoma sehemu hiyo ya hukumu anapaswa kuhuzunika. Watu walitaka kumtetea Mungu wa kweli, na njia waliyoichagua iliwalazimu kusema uongo.

Hata hivyo yako malalamiko yanayostahili kusikilizwa. Mzazi mcha Mungu anamkabidhi mtoto wake kwa shule saa nyingi kila siku, na humo asili ya binadamu inaelezwa bila Mungu kutajwa. Je, ukimya huo nao si fundisho? Hapana, iwapo kila mmoja anajua mipaka ya somo lake. Hesabu haimtaji Mungu, na hakuna aliyewahi kusema hesabu inamkana. Lakini mtoto atauliza, na akiuliza lazima awepo wa kumjibu. Shule ikimnyamazisha, na nyumbani akaambiwa achague kati ya mwalimu wake na Mola wake, ameonewa mara mbili.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulifikiria jambo hili, maana visukuku vinavyobishaniwa vimetoka kwenye udongo wake. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959, na Kamoya Kimeu akagundua mifupa ya Mvulana wa Turkana mwaka 1984. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni jijini Nairobi kupinga mifupa hiyo kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa kama ushahidi wa mageuko. Katika shule za Kenya na Tanzania, mageuko hufundishwa kwenye biolojia ya sekondari. Wanafunzi haohao wana vipindi vya dini, Wakristo kwao na Waislamu kwao, na wapo wanaovifanyia mtihani wa taifa. Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kusoma Mwanzo asubuhi na Darwin mchana, ndani ya jengo lilelile.

Mpangilio huo una kitu ambacho Dover ilikikosa, yaani mahali panapojulikana pa dini, penye jina lake na mwalimu wake, pasipohitaji kujificha ndani ya somo jingine. Upungufu uko kwa walimu wenyewe, ambao mara nyingi hawazungumzi kuhusu mtoto wanayemgawana.

Dover ilijirekebisha kwa kura. Novemba 8, 2005, kabla hata ya hukumu, wapiga kura waliwaondoa wajumbe wote wanane waliokuwa wakitetea viti vyao. Bodi mpya ilifuta sera ile Januari 3, 2006, haikukata rufaa, na ikabeba gharama za mawakili wa wazazi, zaidi kidogo ya dola milioni moja, kutoka kwenye kodi za majirani walewale. Sasa wajumbe wa bodi, walimu, mapadri, wachungaji na masheikh wa kwetu wanaweza kukaa pamoja kabla mambo hayajafika mahakamani. Mwalimu wa biolojia aeleze bila woga mifupa inasema nini na umri wake unapimwaje. Mwalimu wa dini asikie maelezo hayo kutoka kwake moja kwa moja, ili mwanafunzi atakapomfuata na swali kuhusu Adamu apate jibu la mtu aliyelifikiria, na apewe nafasi ya kuuliza tena.